HATI ZA KUSAFIRIA NA WAJIBU WETU
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Habaswein



Halmashauri imetutaka tuseme mbele yenu juu ya pasipoti na viza, yaani hati ambazo mtu hana budi kuwa nazo apate kutoka katika nchi yake na kuingia katika nchi ya watu. Huenda mzee mmoja akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi wa Habaswein, ambao safari zetu nyingi ni za kufuata maji na malisho? Jibu letu ni kwamba latuhusu sana. Kila mwaka watu wa mji huu hutaka kwenda Makka kuhiji, kupeleka wagonjwa India, kuwafuata watoto wao walioko Ulaya na Marekani, au kutafuta kazi katika nchi za Ghuba. Na kila mwaka wako wanaobaki nyuma, wala si kwa kukosa nauli, bali kwa kukosa karatasi.

Kwanza yafaa tukumbuke tumetoka wapi. Sisi wa Kaskazini tulijua hati ya ruhusa kabla hatujaijua pasipoti. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 iliwapa watawala Waingereza uwezo wa kuifunga wilaya, mtu asiingie ila kwa kibali, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikatangazwa kuwa imefungwa. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalum, iliyobana hata mwendo wa watu na mifugo ndani ya wilaya zenyewe. Kwingineko katika Koloni, wanaume Waafrika walivishwa kipande shingoni kwa sheria ya mwaka 1915. Hivyo hati iliingia katika maisha ya wazee wetu ikiwa kamba ya kumfungia mtu, wala haikuwa ufunguo wa kumfungulia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kamba hiyo haikukatika upesi kwetu. Hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huu mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Wanawake wa Kenya nzima hawakuwa wakipewa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha mwaka 1989 Serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimia miaka 18 wafanyiwe usaili, na waliopita wakapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Wengi mlioketi hapa mliibeba kadi ile mfukoni. Hatuyasemi haya ili kuchochea uchungu. Twayasema kwa sababu hofu ya zamani ndiyo iliyowafanya wazazi wengi waikimbie ofisi ya msajili, na mtoto aliyefichwa msajili leo ndiye kijana asiyeweza kusafiri kesho.

Hivi sasa sheria imegeuka. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 12, yasema kwamba kila raia ana haki ya kupewa pasipoti ya Kenya na hati nyingine za usajili au za utambulisho ambazo Serikali huwapa raia wake. Ibara ya 39 yasema kila mtu ana haki ya kutoka nchini. Basi pasipoti si hisani ya afisa, wala si tuzo ya mwenye ndugu mkubwa. Ni haki. Lakini haki hii hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi huo huanza kukusanywa siku ile mtoto anapozaliwa. Hapo ndipo penye kiini cha hotuba yetu.

Mabwana na mabibi, pasipoti ni paa la nyumba. Huwezi kuezeka kabla ya kusimamisha nguzo. Nguzo ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Ya pili ni kitambulisho cha taifa, kinachopatikana mtu akitimia miaka 18. Ndipo huja pasipoti, na baada ya pasipoti huja viza. Mwenye kukosa nguzo ya kwanza atahangaika katika kila daraja linalofuata.

Tuanze na cheti. Sheria ya Kenya yataka mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6 kupita tangu kuzaliwa. Baada ya hapo huwa ni uandikishaji wa kuchelewa, wenye ada na maswali zaidi. Mtoto aliyezaliwa hospitalini huandikiwa taarifa na wauguzi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au katika kambi ya ngamia mbali na barabara, huandikiwa taarifa na naibu wa chifu. Mama aliyejifungua malishoni hawezi kufika mjini upesi, hilo twalijua. Lakini baba aletaye mbuzi sokoni aweza kupita kwa naibu wa chifu siku hiyo hiyo. Mbuzi hukosi siku ya kumleta. Mbona mtoto akosewe siku?

Kuna jambo la majina, nalo limewatesa wengi. Kwa desturi yetu mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Jina moja huandikwa na huyu Mohamed, na yule Muhammad, na wa tatu kwa hati ya Kisomali Maxamed. Mwingine hujulikana shuleni kwa jina la utani. Kijana huyo akifika mbele ya afisa wa pasipoti huwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina hili, cheti cha shule chenye jina lile, na kitambulisho chenye herufi nyingine. Kwake yeye ni mtu mmoja. Kwa karatasi ni watu watatu. Twawasihi wazazi: chagueni namna moja ya kuandika, iandikeni mahali, na mwalimu, muuguzi na naibu wa chifu wote waipate hiyo hiyo. Kadhalika tarehe ya kuzaliwa. Msimkisie mtoto miaka kwa mujibu wa ukame au mvua, kisha shuleni mkampunguzia.

Tena, mwanamke wa Kisomali habadilishi jina lake aolewapo. Hubaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Ni desturi njema. Lakini afisa wa ubalozi aonapo jina la mke halifanani na la mume, huuliza ndoa iko wapi. Jibu lake ni cheti cha ndoa kilichoandikishwa kisheria. Nikaha ya mbele ya mashahidi ni halali kwa Mungu, ila balozi hakuwapo. Wanandoa wakaandikishe ndoa zao, hata zile za miaka ishirini iliyopita.

Sasa twaja kwenye kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa mkoa huu hakukipata kama alivyokipata kijana wa Nyeri au Kakamega. Yeye alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya usaili, wakiwamo wazee wa mahali, aulizwe ukoo, kisima na babu. Mwezi wa Februari 2025, mjini Wajir, Rais wa Jamhuri alitia saini tangazo la kuondoa usaili huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Lilikuwa jambo kubwa, lililokuwa likidaiwa kwa miaka mingi.

Lakini tusijidanganye. Kuondolewa kwa usaili si kuondolewa kwa ushahidi. Bado msajili hutaka kujua baba na mama ni nani, na vitambulisho vyao viko wapi. Na pale ambapo karatasi hakuna, neno la mzee na la chifu bado lina uzito. Hapa twataka kusema na wazee wetu kwa adabu na kwa ukweli. Ushahidi wa mzee ni amana. Si mali ya ukoo wake, wala si bidhaa. Mzee akikataa kumshuhudia mtoto wa ukoo mdogo, ambaye amemwona akizaliwa na kukua, amemnyang'anya mtoto huyo nchi yake. Na mzee akimshuhudia mgeni asiyemjua kwa sababu ya bahasha, amewatia watoto wetu wote katika shaka, maana afisa aliyedanganywa mara moja humtilia shaka kila ajaye baadaye. Makosa hayo mawili ni ndugu. La kwanza huwafungia wenyewe nje, na la pili humpa mlinzi sababu ya kuukaza mlango.

Liko jeraha jingine, nalo li karibu nasi mno. Nchi ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, kambi za wakimbizi zilifunguliwa Dadaab, kusini ya hapa. Ukame ulipoua mifugo, familia za raia wa Kenya kutoka Garissa na Wajir Kusini ziliingia kambini zikijiandikisha ili zipate chakula, matibabu na shule. Wazazi waliona ni kuokoa roho, na nani awalaumu? Lakini watoto wao walichukuliwa alama za vidole. Walipotimia miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ilijibu kwamba wao ni wakimbizi. Mkimbizi hapewi kitambulisho cha Mkenya. Na kwa kuwa wao si wakimbizi wa kweli, hawana nchi nyingine ya kuwapokea. Watu waliopatwa na balaa hili wamehesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baadhi waliondolewa katika orodha hiyo baada ya uchunguzi wa Serikali, na wengine wangali wakingoja.

Kijana wa namna hii hawezi kufungua hesabu ya benki kwa urahisi, hawezi kuajiriwa Serikalini, hapiti kizuizi cha barabarani bila hofu. Kuhiji au kusoma ng'ambo ni ndoto kwake. Tena twamwogopea kwa jambo jingine: mtu asiye na njia ya halali husikiliza upesi maneno ya mawakala wa tahriib, wanaompitisha Ethiopia na Sudan mpaka Libya. Huko hushikwa, na simu huja nyumbani kudai fidia. Ngamia huuzwa, na pengine kijana harudi. Ombi letu kwa kila familia yenye mtoto aliyekwama hivyo ni moja: msimfiche. Mleteni kwa katibu wa Chama pamoja na karatasi za wazazi, ili jina lake lipelekwe kwa msajili na kwa mawakili wanaotetea watu wa namna hiyo.

Ama pasipoti yenyewe, mambo yake si mazito kwa mwenye nguzo zilizotajwa. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti katika mlango wa Serikali uitwao eCitizen, na ada hulipwa huko huko. Kisha mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji akiwa na cheti cha asili cha kuzaliwa, kitambulisho, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha, na mtu wa kumdhamini kwamba anamjua. Huko hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tangu mwaka 2017 Kenya hutoa pasipoti mpya yenye kitunza-habari cha umeme ndani yake, na kila mwenye kitabu cha zamani alitakiwa kukibadilisha. Mzee ambaye bado ana kile cha zamani sandukuni asikitegemee kwa safari.

Wako vijana mjini wanaowajazia watu fomu hizo kwa malipo. Kazi hiyo ni halali ikifanywa kwa uaminifu. Lakini anayekuambia kwamba kwa fedha zaidi atakupatia pasipoti bila wewe kufika ofisini, huyo ni mwizi. Alama za vidole haziwakilishwi na mtu mwingine.

Watu huchanganya pasipoti na viza. Pasipoti hutolewa na nchi yako, nayo yasema wewe ni nani. Viza hutolewa na nchi unayokwenda, nayo yasema umeruhusiwa kuingia, kwa kazi gani na kwa siku ngapi. Nchi jirani hazina uzito huo: tangu mwaka 2014 raia wa Kenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa tu. Lakini Uingereza, Marekani, nchi nyingi za Ulaya, India na Saudia, zote hutaka viza kabla ya safari.

Yako masharti machache ambayo msafiri akiyajua atapona na hasara. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Mtu hufika uwanja wa ndege na kitabu kilichobakiwa na miezi 4 akadhani kingali hai, akarudishwa na tiketi yake ikapotea. Nchi za Ulaya zilizoungana katika mapatano ya Schengen hutaka pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Uingereza humtaka atokaye Kenya kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu. Chanjo ya homa ya manjano huandikwa katika kitabu cha rangi ya manjano; tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeamua kwamba chanjo hiyo yatosha kwa umri wote wa mtu, hivyo kitabu kisitupwe.

Kwa wagonjwa, India hutoa viza maalum ya matibabu, nayo hutaka barua ya hospitali ya huko inayompokea mgonjwa. Watu wawili waweza kumsindikiza kwa viza ya wasindikizaji. Basi hospitali ya huko ikubali kwanza, ndipo tiketi inunuliwe. Msianze kuchanga fedha msikitini kabla ya kujua kama mgonjwa ana pasipoti. Maradhi hayangoji cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka 60.

Tumeweka mwisho jambo la Hija, kwa kuwa ndilo kubwa mioyoni. Serikali ya Saudia hutoa viza ya Hija peke yake, kwa idadi iliyogawiwa kila nchi, na viza ya utalii au ya Umra haimruhusu mtu kuhiji. Pamoja na hayo hutakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Wako mawakala wanaouza safari ya bei nafuu kwa viza isiyo ya Hija. Katika Hija ya mwaka 2024, joto lilipozidi, waliokufa walikuwa 1,301, na Serikali ya Saudia ilieleza kwamba 83 katika kila 100 walikuwa mahujaji wasio na kibali. Mtu asiye na kibali hakuwa na hema lenye baridi, wala basi la kumbeba. Alitembea juani masafa marefu. Tuwarehemu waliokufa, na tuwaonye walio hai. Mzee aliyeweka akiba miaka 15 kwa ajili ya nguzo hii ya dini hastahili kuuziwa karatasi ya uongo. Amwulize wakala mambo mawili: je, viza hii ni ya Hija, na je, wewe umeandikishwa? Akisitasita, aondoke.

Na wale binti na vijana waendao Ghuba kwa kazi, twawaambia: pasipoti ni yako, si ya tajiri wako. Sheria ya Saudia yenyewe yamkataza mwajiri kuizuia. Kabla ya kuondoka, acha nakala yake nyumbani, pamoja na nakala ya mkataba na anwani ya mwajiri. Jamaa asiye na nakala hana cha kumwonyesha balozi siku ya taabu.

Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo haya, ili yakubaliwe au yarekebishwe:

1. Chama kifungue daftari la vizazi la mji na vijiji vyake. Kila mtoto azaliwaye aandikwe jina lake, la baba, la babu, la mama, mahali na tarehe. Daftari hili halitakuwa cheti, bali litamsaidia naibu wa chifu na mzazi.

2. Mara moja kila baada ya miezi 3, Chama kiwaombe wasajili wa vizazi na wa vitambulisho waje Habaswein, ili mjane wa kijijini asitumie nauli ya mbuzi wawili kwenda Wajir na kurudi mikono mitupu.

3. Wazee wanaoshuhudia wafanye hivyo hadharani, wawili au watatu wa koo mbalimbali, bila malipo yoyote.

4. Iandikwe orodha ya vijana waliokwama kwa sababu ya alama za vidole za Dadaab, ipelekwe kunakohusika, na majibu yasomwe katika mkutano wa mwaka ujao.

5. Mweka hazina atenge sehemu ya mfuko kuwa mkopo mdogo wa ada za hati kwa yatima na kwa wanafunzi waliopata nafasi za masomo.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji subira, ukweli na mwandiko mzuri. Yapo mengi ambayo Serikali peke yake ndiyo yenye uwezo wa kuyatengeneza, na kwa hayo tutaendelea kuidai bila kuchoka. Lakini tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa Habaswein twaijua sisi kabla ya Serikali kuijua. Tusipoiandika sisi, tutakwenda kumwuliza nani?

Sasa twaomba mtoe mawazo yenu, tukianza na wazee, na katibu atayaandika yote.

Wabillahi tawfiq.